MBEGU BORA, DAMU MBOVU: WALIOTAKA KUMTENGENEZA MWANADAMU MPYA



Ndugu zangu, wiki iliyopita kijana mmoja alinitumia ujumbe mrefu usiku wa manane. Amechumbia, barua imepokewa, mahari imetajwa. Kabla ya kupanga siku ya nikah, yeye na binti wakakubaliana waende kupima damu. Majibu yakatoka: kijana AS, binti naye AS. Maana yake wote wawili wamebeba kinasaba cha selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita, ingawa wao wenyewe hawaumwi.

Kikao cha familia kikaitishwa. Mjomba mmoja akasema ndoa isiwepo. Hilo peke yake lingezungumzika, tutalifikia. Lakini mzee hakuishia hapo. Akasema watu wenye damu mbovu namna hii ilitakiwa serikali iwazuie kuzaa kabisa, na kwamba wazungu walishalijua hili zamani, ndiyo maana wametutangulia.

Kijana ananiuliza: "Sheikh, mimi na huyu binti ni mbegu mbovu?"

Usiku ule nilimjibu kwa ufupi. Leo nataka kumjibu kwa urefu, mbele yenu, kwa sababu yule mzee kuna jambo moja amelipatia bila kujua. Ni kweli, wapo waliolijaribu hilo. Wakalitungia sheria, wakalijengea taasisi. Sasa tukae tuone walifanya nini.

(Najua wapo mnaosubiri nianze habari za nyani. Leo sizungumzii nyani. Baba yetu ni Adam alayhis salaam na hilo kwetu halina mjadala. Ninazungumzia kitu kinachoonekana hata kwenye zizi la mbuzi: sifa fulani huongezeka katika kizazi na nyingine hupungua. Wataalamu wanaita mageuko. Swali la leo ni nani anadhani ana haki ya kushika usukani wa hayo mabadiliko kwa watu.)

Tuanze mwezi Juni, mwaka 1873. Ndugu zetu wa Unguja wanaujua mwezi huo. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash bin Said, akiwa ametishiwa manowari za Kiingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mwezi huo huo, kule London, gazeti la The Times likachapisha barua ya bwana mmoja aitwaye Francis Galton. Huyu alikuwa msomi mkubwa, binamu yake Charles Darwin, na ujanani alikuwa amesafiri katika nchi ambayo leo ni Namibia.

Barua ile ilipendekeza nini? Kwamba Uingereza iwahimize Wachina waje kukaa pwani ya Afrika Mashariki. Pwani yetu hii hii. Lengo lake halikuwa biashara tu. Galton alitaraji Wachina wangezaana hapa mpaka kizazi chao kichukue nafasi ya Mwafrika, ambaye yeye alimhesabu kuwa ni duni. Waarabu nao hakuwaacha: kwake walikuwa watu wa kula tu kilichozalishwa na wengine.

Hebu tafakari. Serikali ya London inamwambia Barghash kuuza watu ni dhulma, na kweli ilikuwa dhulma, hatutaipamba. Na katika London hiyo hiyo msomi anaandika gazetini jinsi ya kuwafuta watu haohao taratibu, bila risasi, kwa hesabu ya uzazi tu. Na barua ikachapishwa kama jambo la kawaida la wasomi kujadili.

Wachina hawakuletwa. Lakini wazo halikufa. Mwaka 1883 Galton akalipa jina, akalijenga kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuzaliwa vyema. Sisi hapa tuite elimu ya mbegu bora.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka, na hapo ndipo penye hatari. Mkulima huchagua mbegu. Mfugaji huchagua dume. Kwa nini uzazi wa binadamu uachwe hivi hivi? Zamani, walisema, njaa na maradhi yaliwaondoa wanyonge mapema. Sasa ustaarabu umeleta hospitali, chanjo, maji safi na misaada ya maskini. Wanyonge wanaishi, wanaoa, wanazaa. Basi jamii ya watu itaendelea kuoza kizazi baada ya kizazi, isipokuwa wenye akili waingilie kati.

Unaona? Mjomba wa yule binti huenda hajawahi kulisikia jina la Galton, lakini ameyasema maneno yake katika kikao cha posa, miaka mia na zaidi baadaye.

Sasa uliza: huyo bora ni nani? Galton alishaandika kitabu mwaka 1869, akazihesabu familia za majaji, wanasiasa na wasomi wa Uingereza, akaona watoto wa wakubwa nao huwa wakubwa. Akahitimisha kuwa ukubwa umo katika damu. Kwamba mtoto wa jaji hulipiwa shule na kufunguliwa milango, hilo hakulipa uzito unaostahili. Yeye mwenyewe alioa mwaka 1853 na hawakujaaliwa mtoto. Silitaji kwa kumkejeli. Mama yetu Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, naye hakuzaa, na nusu ya dini tumeipokea kupitia watu kama yeye. Nalitaja kwa sababu mtu huyu aliyepima thamani ya watu kwa uzazi wao, mchango wake wote duniani aliuacha kwa kalamu.

Tuvuke bahari twende Marekani. Mwaka 1907 jimbo la Indiana lilipitisha sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu waliohesabiwa hawafai. Majimbo mengine yakafuata. Kwa miaka iliyofuata zaidi ya watu 60,000 walikatwa uzazi nchini humo: wagonjwa wa akili, wenye kifafa, wafungwa, na zaidi ya wote maskini. Jimbo la California peke yake lilifanya kama 20,000.

Nitawapa mtu mmoja tu kati ya hao. Anaitwa Carrie Buck, binti maskini wa Virginia, aliyelelewa katika nyumba ya watu. Akiwa na miaka 17 alibakwa na jamaa wa familia iliyomlea, akashika mimba. Ili aibu isiwafike wao, walimpeleka katika taasisi ya watu wanaodaiwa kuwa na akili pungufu, ambako mama yake mzazi alikuwa ameshafungiwa. Wakuu wa taasisi wakataka kumfunga uzazi, na wakaifanya kesi yake kuwa ya majaribio ili kuithibitisha sheria mpya ya jimbo. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 2 Mei 1927 majaji wanane kati ya tisa wakasema ni halali. Jaji Oliver Wendell Holmes, aliyeandika hukumu, alimhesabu bibi, mama na mtoto mchanga, akaona ukoo huo umeshatosha.

Ndugu zangu, ushahidi dhidi ya yule mtoto, Vivian, ulikuwa nini? Mtu mmoja alimtazama akiwa na miezi michache tu, akasema anaonekana hayuko sawa. Basi. Vivian akakua, akaenda shule, na jina lake likaingia katika orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Akafa mwaka 1932, ana miaka minane, kwa maradhi. Mama yake alikuwa ameshakatwa uzazi tangu Oktoba 1927, hakuweza kupata mwingine. Huyo ndiye mbegu mbovu wa mahakama.

Wajerumani walikuwa wakiyafuatilia ya Marekani kwa makini. Na wao walikuwa na shule yao wenyewe, iliyoanzia Afrika. Kati ya 1904 na 1908 waliwaangamiza Waherero na Wanama katika koloni lao la Kusini Magharibi, Namibia ya leo ile ile aliyoipita Galton, na mafuvu ya waliokufa yakapelekwa Berlin kupimwa. Mwaka 1908 mtaalamu wao Eugen Fischer akaenda Rehoboth, akawapima watu wa damu mchanganyiko kama mtu anayepima ng'ombe mnadani: nywele, macho, rangi, urefu wa pua. Akarudi kwao akiwa mtaalamu mkubwa wa urithi. Mwaka 1927 akapewa kuongoza taasisi ya utafiti wa aina hiyo pale Berlin.

Hitler alipoingia madarakani, sheria ya kufunga uzazi ikatoka tarehe 14 Julai 1933. Watu wapatao 400,000 walikatwa. Na wapo ambao hata sheria hiyo haikuwagusa, wakakatwa kwa siri. Baada ya Vita vya Kwanza, Ufaransa ilikuwa imepeleka eneo la Rhine askari wake wa makoloni, watu wa Morocco, Algeria, Senegal na Madagascar. Wengine walizaa na wanawake wa Kijerumani. Mwaka 1937 polisi wa siri wakawakusanya wale watoto, sasa vijana, wataalamu wakawapima, Fischer akiwa miongoni mwa waliohusishwa, na kiasi cha 400 wakafungwa uzazi. Watoto wa kina Muhammad na kina Mamadou, mashauri yao yamekatwa kwa kipimo cha pua. Miaka miwili baadaye serikali hiyo ikavuka mpaka wa kukata uzazi na kuanza kuua. Wagonjwa na walemavu zaidi ya 70,000 waliingizwa katika vyumba vya gesi mpaka Agosti 1941. Yaliyofuata baada ya hapo mnayajua.

Msidhani haya yalibaki huko. Mwaka 1933, mwaka ule ule wa sheria ya Ujerumani, walowezi na madaktari wa Nairobi waliunda chama chao cha kuchunguza uboreshaji wa kizazi. Mmoja wa viongozi wa fikra hiyo alikuwa Dk. H. L. Gordon, aliyefanya kazi na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwenzake F. W. Vint alichukua bongo za maiti 100 za wanaume Waafrika, akazipima uzito, akachunguza tabaka zake, na mwaka 1934 akachapisha kuwa ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni mwepesi kuliko wa Mzungu kwa kama asilimia 10. Hoja ikaenda moja kwa moja kwenye madarasa: kama ubongo ndio huo, kwa nini kupoteza fedha kumsomesha? Na je, shule haitamharibu akili? Hawakupima kwanza kama maiti wale waliishi kwa kula nini, wala waliumwa nini utotoni. London haikuwapa fedha walizoomba, chama kikafifia kabla ya vita. Lakini babu yako aliyenyimwa darasa miaka ile, jua kwamba kulikuwa na mtu aliyeshika mzani wa bongo akitetea asipewe.

Nikisoma haya humkumbuka Ata' ibn Abi Rabah, Allah amrehemu. Mweusi, mtoto wa mama mweusi, mtu wa chini kwa nasaba. Wanahistoria wetu wanamweleza kuwa alikuwa chongo, kiwete, mkono umepooza, na mwishoni akapofuka kabisa. Huyo ndiye aliyekuwa mufti wa Makka zama za Banu Umayya, na msimu wa Hija ilitangazwa kuwa asitoe mtu fatwa ila Ata'. Mpitishe katika ile kamati ya Virginia au ya Berlin. Asingepita mlangoni. Na mwadhini wa Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, Ibn Umm Maktum, alikuwa kipofu, na mnajua sura ya Abasa iliteremka kwa sababu ya nani.

Sasa nije kwenye damu yenyewe.

Katika Kenya ile ile ya mizani ya bongo, kijana mmoja wa Kizungu aliyekulia huko, Anthony Allison, alikuja mwaka 1949 na safari ya watafiti wa Oxford. Akakusanya damu za makabila mengi. Akaona jambo la ajabu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria watu wenye kinasaba cha selimundu walikuwa wengi, mahali pengine zaidi ya 20 kati ya 100. Ukipanda nyanda za juu kwenye baridi, hawafiki hata mmoja kati ya 100. Akajiuliza: kitu kinachoua watoto kiasi hiki kimebakije kwa wingi namna hii? Na kwa nini kimebaki huku bondeni na si kule mlimani?

Jibu lilikuwa mbu. Mwaka 1954 alichapisha utafiti wake, akionyesha kwamba mwenye kinasaba kimoja, yaani AS kama kijana wetu, analindwa dhidi ya malaria kali. Kinasaba kimoja ni ngao. Viwili pamoja ndiyo maradhi. Kwa mamia ya vizazi katika mabonde yetu, mtoto wa AS ndiye aliyepona homa akakua, akaoa, akaendeleza ukoo. Tungepewa nafasi zama hizo ya kuichuja "damu mbovu" pwani hii, tungewaondoa haohao waliokuwa wanatuvusha.

Mjomba, kama unasoma: inawezekana upo hai leo kwa sababu bibi wa bibi yako alikuwa AS.

Na hili ndilo jambo ambalo Galton hakulijua, wala Holmes, wala Fischer. Ubora na udhaifu havikai peke yake katika mtu. Vinategemea mahali na zama. Ngao ya bondeni ni mzigo mtupu mlimani. Malaria ikiisha kabisa, AS haitakuwa na vita ya kupigana, na pengine baada ya vizazi vingi itapungua yenyewe. Lakini mtihani ujao wa wanadamu hakuna anayeujua. Sifa tunayoiita leo kasoro, huenda ndiyo itakayohitajika kesho.

Leo mkasi umetoka mikononi mwa mpasuaji umeingia kwenye vinasaba vyenyewe. Mwezi Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba amebadilisha vinasaba vya mabinti mapacha wakiwa bado viinitete, ili wasipate Ukimwi, kwa kuwa baba yao alikuwa na virusi. Dunia ilishtuka, na wanasayansi ndio waliokuwa wa kwanza kupiga kelele. Baba mwenye virusi anaweza kupata watoto salama kwa njia zinazojulikana, hakukuwa na dharura yoyote. Tena watu waliozaliwa bila kile kinasaba alichokilenga huumia zaidi wakipata virusi vya West Nile. Unafunga mlango huu, unafungua ule. Na mabadiliko ya namna hiyo hurithiwa: watoto wa watoto wao watayabeba na hakuna aliyewauliza. Desemba 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Lakini tusiwe watu wa kukataa kila kitu. Mkasi huo huo umefanya kazi nyingine. Mwezi Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu inayotumia teknolojia hiyo, na Desemba Marekani ikafuata. Wanachukua seli za mgonjwa mwenyewe, wanazirekebisha, wanamrudishia. Mabadiliko hayaendi kwa watoto wake. Hapa kuna mtu mgonjwa, ana maumivu, anatibiwa. Tofauti na Carrie Buck ni mbingu na ardhi: huyu anaondolewa maradhi, yule aliondolewa yeye. Kinachoniumiza ni bei. Marekani tiba hiyo imetajwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na bado kuna mama anahangaika kupata haidroksiurea, vidonge vinavyojulikana miaka mingi. Tukiwa hivi, mbegu bora itarudi kwa mlango wa nyuma bila mahakama wala sheria. Itachagua pochi.

Sasa wewe kijana wangu.

Kupima mlifanya vizuri, na mmeonyesha ukomavu kuliko sisi wazee wenu. Saudi Arabia tangu mwaka 2004 wachumba hupimwa selimundu kabla ya kufunga ndoa. Wanapewa majibu na ushauri, kisha uamuzi unabaki kwao, hawazuiwi. Huo ndio mpaka ninaoutaka muuone: serikali ikikupa elimu imekusaidia, ikikukata imekudhulumu.

Hesabu yenu ni hii. Kila mimba, uwezekano ni mmoja kati ya nne mtoto kuwa SS, mgonjwa. Miwili kati ya nne kuwa AS kama ninyi. Mmoja kati ya nne kuwa hana kabisa. Na hesabu hiyo inaanza upya kila mimba, haisemi kwamba akishaumwa mmoja watatu wamesalimika. Mkiamua kuachana kwa kuogopea watoto, hamjaikimbia qadari. Sayyidna Umar alipogeuza msafara kuikwepa tauni ya Sham aliulizwa swali hilo, akajibu kwa mfano wa mchungaji na mabonde mawili, moja lenye majani na jingine kame. Mkiamua kuoana mkijua, mjue pia hospitali mtakayoitegemea, dawa, na usiku ambao mtoto atalia mifupa inamuuma. Sitakuchagulia. Si mimi nitakayekesha naye.

Ila lile neno alilolisema mzee mlirudishe alikolitoa. Hukumu ya tabibu juu ya damu yako ni herufi mbili kwenye karatasi, haisemi kitu juu ya thamani yako.

Jana kaniandikia tena. Wamepata miadi wiki ijayo na daktari wa selimundu, waende wote wawili wakaulize maswali yao. Baba wa binti amesema naye atakwenda, na kamwambia mjomba avae viatu.

Wallahu a'lam.